Treni ya Magogo ya Bruda Otmar

Jumatano, 4 Novemba 1981

Hali ya hewa: jua kali. Mvua: hakuna. Mzigo: hakuna. Abiria: mimi.

Miaka thelathini na moja nimejaza daftari kama hili nikiwa dereva wa treni, enzi za kuni na enzi za mafuta mazito. Nilipostaafu mwaka juzi nilitoka na madaftari manne matupu ambayo hakuna aliyeniuliza habari zake. Leo nimefungua la kwanza. Safari sina, lakini mkono umezoea kuandika, na katika nyumba hii hakuna mwingine wa kumweleza siku ilivyokwenda.

Kilichonifanya nilifungue ni Donatus, kijana mwenye lori linalochukua chumvi na sabuni hapa stesheni ya Isaka kupeleka Ushirombo, na mara nyingine hadi Geita. Alipita kuomba maji ya kunywa.

"Shikamoo Mzee Clemens. Nimeona kitu chako huko misheni."

"Marahaba. Kitu gani changu? Sijasahau kitu misheni."

"Kichwa cha treni. Bruda Otmar amekitengeneza mwenyewe, urefu kama kitanda. Kinakwenda kwa moto na maji, kweli kabisa. Anarudi kwao mwezi wa kwanza, anakiuza."

Nilimwambia kwamba mtu aliyeendesha vichwa vya tani mia hanunui mwanasesere. Donatus akacheka, akanywa maji, akaondoka. Sasa ni saa kumi na mbili jioni na bado nakiwaza.

Alhamisi, 5 Novemba

Mvua: hakuna. Nimefagia uwanja. Nimefagia tena.

Jumatatu, 9 Novemba

Nimekwenda Ushirombo kwa lori la Donatus. Nilimwambia nakwenda kuungama, na kweli niliungama, maana uongo wa njiani ulinipatia dhambi ya kuanzia.

Bruda Otmar ni mzee wa misheni, mfupi, mikono yake imejaa makovu ya moto. Amekaa huku miaka ishirini na sita akitengeneza milango, mashine za kusaga na vitanda vya zahanati. Karakana yake ilikuwa imeshaanza kufungwa, misumari imegawanywa kwenye makopo. Katikati, juu ya meza mbili zilizounganishwa, kilikuwapo hicho kichwa.

Nitaandika ukweli kama ulivyo. Ni kibaya. Sijapata kuona kichwa cha treni kibaya namna ile. Pistoni zake tatu zimesimama wima, zote upande wa kulia, kama watu watatu kwenye foleni ya sukari. Zinazungusha shafti iliyolala kando ya magurudumu, na shafti inazungusha gia. Boila imesogezwa kushoto ili uzito ulingane, kwa hiyo ukikitazama kwa mbele kinaonekana kimekalia ubavu mmoja. Nyuma kinavuta behewa moja lisilo na kuta, na juu yake vigogo vitano vimefungwa kwa mnyororo.

"Ni treni ya kubeba magogo," Bruda akasema. "Huko msituni reli zinapita milima mikali na kona mbaya. Treni zenu zingeanguka. Hii inakwenda polepole, lakini inapanda popote."

"Bruda, umekuja kuuza treni ya magogo Shinyanga? Miti yenyewe tulishaimaliza kwa mkaa."

Akacheka hadi akakohoa. Kisha akavuta wenzo mdogo, gia zikasogea, na magurudumu yote manane yakazunguka kwa pamoja bila kukwaruza. Nikajikuta nimeinama. Niliweka sikio kwenye shaba. Jamani, mtu huyu ametengeneza hata vali za usalama, na kila moja inafanya kazi.

Bei yake ni sawa na bei ya maksai wawili walionona. Bruda hana haja na fedha hizo, ni za misheni. Yupo mnunuzi wa vyuma chakavu wa Geita ambaye ameshafika mara mbili na mizani yake. Yeye anataka shaba tu, aiyeyushe.

Nilisema nitafikiri. Bruda akaniambia nisifikiri kabla ya kukiona kikiwa na moto, na hawezi kukiwasha sasa kwa sababu boila ile hainywi maji ya kisima. Chokaa ya maji ya huku itaziba mirija yake ndani ya wiki moja tu. Inataka maji ya mvua. Nilimwelewa kabisa, maana hata vichwa vikubwa vilikuwa vinaumwa tumbo kwa maji ya Isaka.

Kwa hiyo tunasubiri mvua, Bruda na mimi na mnunuzi wa shaba.

Alhamisi, 12 Novemba

Mawingu asubuhi. Mchana yalishaondoka.

Jumanne, 17 Novemba

Mvua: hakuna.

Ngoja niandike jambo lenyewe, kwa kuwa nalizunguka tangu juzi kama mbwa anayetafuta pa kulala. Fedha sina. Nina ng'ombe wanne, wako Mhunze kwa mdogo wangu Masele. Walikuwa tisa, ukame ukawapunguza. Hao ni wa mahari ya mwanangu Jilala. Nikiuza wawili watabaki wawili, na ng'ombe wawili hawaozeshi mtu Usukumani. Nikinunua kichwa kile nitakuwa nimesema kwa vitendo kwamba Jilala harudi.

Ana miaka sita hajakanyaga hapa. Anachimba dhahabu Rwamgasa, au alikuwa anachimba. Wa mwisho kunipa habari zake alisema amemwona akiwa hai.

Jumapili, 22 Novemba

Baada ya misa nimekula kwa jirani yangu Mama Tarsisi, matobolwa, viazi vikavu vya kuchemsha, na karanga. Mume wake naye alikuwa dereva wa treni, Mungu amrehemu. Mwanawe Tarsisi yuko Tabora. Yeye na mke wangu waliishi pamoja kwenye nyumba za reli kabla hatujajenga huku, mlango kwa mlango.

Tulikumbushana honi. Kila dereva alikuwa na namna yake ya kuvuta honi akikaribia nyumbani. Sheria za kazi hazikuruhusu, lakini hata mkaguzi alikuwa na mke. Ya kwangu ilikuwa mbili ndefu, moja fupi, halafu ndefu inayoachiwa polepole. Mke wangu Eufrasia akiisikia tu anaweka maji ya kuoga jikoni. Nikifika, ndoo ipo tayari. Amekufa miaka mitatu na miezi minane sasa, na tangu hapo naoga maji ya baridi, si kwa kukosa kuni.

"Baba Jilala," Mama Tarsisi akasema, "nasikia unataka kununua treni."

"Nani kasema?"

"Isaka nzima. Utaiweka wapi? Chumbani?"

Nikamwambia hakuna kilichoamuliwa. Yeye ananiita Baba Jilala kila siku, kwa heshima tu, wala hajui kwamba kila mara jina hilo linanichoma.

Jumamosi, 28 Novemba

Mhunze. Vumbi hadi kwenye meno. Ng'ombe wamekonda, lakini maksai wawili wa Jilala wamesimama vizuri, Masele anawatunza kuliko wake.

Tulikaa nje ya boma. Alinisikiliza hadi mwisho bila kunikatiza, jambo ambalo si kawaida yake.

"Kaka," akasema, "nikuulize. Hiyo treni inalima?"

"Hailimi."

"Inakamuliwa?"

"Acha utani, Masele."

"Sitanii. Ng'ombe hawa uliniletea mwenyewe, ukaniambia mbele ya mke wangu kwamba ni wa Jilala. Ukija kuwachukua nitakupa, wewe ni mkubwa wangu. Lakini mtoto akija kuniuliza, mimi nitamjibu nini? Kwamba baba yake aliwageuza chuma?"

"Atakuja lini? Miaka sita, Masele."

"Aliondoka kwa sababu gani?"

Masele anaijua sababu. Alitaka niitamke. Sikuitamka, nikaondoka kabla ya jua kuzama na kulala Shinyanga mjini.

Jumatatu, 30 Novemba

Nitaiandika hapa, basi, ambapo hakuna mdogo wa mtu anayenitazama.

Julai 1975. Jilala alikuwa na miaka ishirini na mbili, nilimwingiza mwenyewe kazini, nikamwomba mkuu wa kituo anipe yeye awe mtunza moto wangu. Nilijivuna. Usiku mmoja karibu na Bukene alisinzia, moto ukazimika, tukasimama porini kwa muda wa saa nne na abiria mia tatu. Alikuwa hajalala siku mbili, alikuwa anamuuguza mama yake, ambaye ugonjwa wake ndiyo kwanza ulianza. Mimi nilijua. Mtu mwingine angeandika kwamba mafuta yalikuwa na maji, na kila mtu angeamini. Mimi niliandika: Moto ulizimika. Sababu: uzembe. Mtunza moto: Jilala Clemens. Nikaweka sahihi.

Walimfukuza kazi wiki ile. Aliniuliza swali moja tu: "Baba, ulishindwa kuandika nini kingine?" Nikamjibu kwamba daftari halijui mtoto wa nani. Nililipenda sana jibu langu wakati ule.

Alhamisi, 3 Desemba

Mvua: hakuna.

Jumamosi, 5 Desemba

Mvua: hakuna. Watu wanamtafuta mganga wa mvua kwa siri, na padre anaombea mvua kwa wazi.

Jumatano, 9 Desemba

Sikukuu ya Uhuru. Bendera, hotuba, vumbi.

Ijumaa, 11 Desemba

MVUA. Ilianza saa nane mchana kutoka upande wa Kahama, na nilisimama uwanjani kama mwehu hadi fulana ikaganda mgongoni. Mapipa mawili yamejaa kutoka kwenye bati. Nimeyafunika kwa magunia. Mama Tarsisi aliomba ndoo moja ya kufulia nikamnyima, halafu nikaona haya nikampelekea mbili.

Jumanne, 15 Desemba

Ushirombo. Njia imekuwa tope, tulikwama mara tatu na kusukuma.

Bruda alikuwa amekwisha kukinga maji yake. Alikuwa ametandika reli nje ya karakana, hatua ishirini tu, ya kwenda na kurudi. Tuliwasha pamoja kwa vipande vya mninga vilivyochanwa vyembamba kama penseli. Mikono yangu ilijua la kufanya: kulisha kidogo, kutazama geji, kulisha tena. Sindano ilipofika mahali pake Bruda akaniachia wenzo.

Kile kichwa kibaya kikaenda. Kinapiga kelele nyingi kuliko mwendo wenyewe, ungedhani kina haraka ya ajabu, kumbe mtoto anayetambaa atakipita. Kilibeba vigogo vyake hadi mwisho wa reli na kuvirudisha. Nilifanya hivyo mara kumi na moja. Nilikuwa na furaha, naandika bila aibu. Furaha ya peke yangu, lakini furaha.

Tulipokuwa tunasubiri kipoe, nilimuuliza Bruda kwa nini alichagua treni kama ile. Akaniletea picha, ndogo, imekunjika. Mwanamume mwenye sharubu amesimama kando ya kichwa kile kile, mkono juu ya pistoni.

"Baba yangu. Alikwenda Amerika kukata magogo nikiwa na miaka saba. Alituma picha hii moja. Hakurudi, wala hatukujua alikufa wapi. Nimekitengeneza kutoka kwenye hii picha kwa miaka kumi na moja. Nilidhani nikikimaliza nitaelewa kwa nini hakurudi."

"Ukaelewa?"

"Nimejua uzito wake tu," akasema, akaifuta picha kwa kiganja. "Mama alimwandikia barua nyingi. Katika zote alimuuliza kwa nini harudi. Nadhani hilo swali lilimchosha."

Kisha akasema nikichukue. Nikae nacho hadi Jumatano tarehe 13 Januari, siku moja kabla ya safari yake. Siku hiyo lori la Donatus litampelekea ama fedha ama kichwa. Mnunuzi wa shaba ameambiwa afike jioni ile.

Jumatano, 16 Desemba

Watu wanne walikishusha. Kiko chini ya kibanda changu cha kuni, reli zimetandikwa kuelekea shamba la mahindi la Mama Tarsisi. Nusu ya Isaka imekuja kuangalia. Wameniuliza kinabeba nini.

Jumapili, 20 Desemba

Mvua usiku na mchana. Nimekipaka mafuta.

Ijumaa, 25 Desemba

Krismasi. Baada ya misa ya asubuhi kila mtu alikwenda kwao, na mimi nikarudi kwangu. Mchana mvua ilikatika, nikawasha moto.

Kule Ushirombo sikugusa honi. Ipo, ya shaba, nene kama kidole gumba. Leo kichwa kilipofika mwisho wa reli niliivuta bila kukusudia: mbili ndefu, moja fupi, halafu ndefu inayoachiwa polepole. Sauti ni nyembamba kuliko ya kwangu ya zamani, lakini ndiyo yenyewe. Nikaendelea kwenda na kurudi, nikaivuta tena na tena.

Kama robo saa baadaye Mama Tarsisi akatokea kwenye mahindi na ndoo. Aliiweka chini mbele yangu. Ilikuwa inatoa mvuke.

"Nini hiki, Mama Tarsisi?"

"Maji ya kuoga," akasema, kisha akajitazama mikono. "Nilisikia honi, nikaweka maji jikoni. Nimekuja kushtuka yameshachemka."

Akaniambia kwamba mwaka ule Eufrasia alipozidiwa na kushindwa kuinua ndoo, ni yeye aliyekuwa anaweka maji kila akisikia honi yangu, kisha anayaingiza kwa mlango wa nyuma. Mimi niliyaoga bila kuuliza. Nilimshukuru, nimechelewa miaka minne. Alikaa kwenye gogo, na nikaona kuna jambo jingine.

"Jilala naye alikuwa anaijua hiyo honi."

"Najua. Akiwa mtoto alikuwa anakimbilia relini."

"Sisemi akiwa mtoto. Baba Jilala, alikuwa anakuja. Mama yake alipokuwa mgonjwa alikuja mara nne, na baada ya arobaini mara moja, ukiwa safarini. Anakaa pale mlangoni, anamlisha mama yake uji, anaongea naye. Akisikia honi yako huko mbali, anaaga."

Nilikumbuka siku niliyokuta sahani mbili zimeoshwa na Eufrasia akaniambia alikuwa na njaa.

"Mbona hukuniambia?"

"Mama yake aliniapisha. Na wewe ulikuwa unaambilika?"

Kweli, sikuwa naambilika.

"Alikuwa anajua saa zako," akaendelea. "Unapoondoka anajua, unaporudi honi inamwambia. Ulipostaafu ndiyo ikawa basi. Uko nyumbani kila siku, na honi hakuna. Aje saa ngapi?"

Moto ulizimika wenyewe. Sikuutunza.

Jumamosi, 26 Desemba

Mvua: nyingi. Sijatoka.

Jumanne, 29 Desemba

Nimeandika barua tano na kuzichana. Ya kwanza ilifanana na ripoti. Ya pili nilimuuliza kwa nini harudi, nikamkumbuka mama yake Bruda Otmar na kuichana haraka. Ya tatu na ya nne nilijitetea. Ya tano nililia juu yake na wino ukatawanyika. Hii ya sita ndiyo nimempa Donatus, anakwenda Geita kesho na amesema Rwamgasa anawafahamu watu:

"Mwanangu Jilala. Jumamosi tarehe 9 Januari nitakwenda mnadani Mhunze, nitalala kwa baba yako mdogo. Jumapili nitarudi kwa treni ya saa kumi na moja jioni, si kabla. Ufunguo uko kwa Mama Tarsisi. Kwenye kibanda cha kuni kuna kichwa cha treni, kidogo. Maji ya mvua yamo kwenye pipa la kushoto. Ukipenda kukiwasha, washa. Mafuta yale ya Bukene, nilipaswa kuandika kwamba yalikuwa na maji. Baba yako, Clemens."

Sikumwomba anisubiri. Nilitaka sana kumwomba.

Jumatatu, 4 Januari 1982

Mvua. Mahindi ya Mama Tarsisi yamefika magotini. Donatus hajarudi, njia ya Geita imekatika.

Alhamisi, 7 Januari

Donatus bado. Nimechana vipande vya kuni, vyembamba, nimevipanga kwenye kisanduku.

Jumamosi, 9 Januari

Mhunze, mnadani. Masele aliwaleta maksai mwenyewe. Mnunuzi wa Maganzo aliwakagua meno na kwato na kutaja bei nzuri, inatosha kwa Bruda na chenji ya sukari. Alishika kamba ya wa kwanza.

Nilimtazama yule maksai. Ana baka jeupe kwenye bega. Niliwaza: kama Jilala akija kesho, au mwakani, au nikiwa nimeshakufa, na akamwuliza Masele ng'ombe wangu wako wapi, nitakuwa nimeandika jina lake kwenye ripoti mara ya pili.

"Mrudishe," nikasema.

Mnunuzi alikasirika kidogo. "Mzee, nipo hapa hadi Jumanne. Ukibadili mawazo unitafute."

Masele aliichukua kamba. Tulipofika bomani alimwambia mkewe anipikie kuku. Kwa hiyo imeamuliwa. Jumatano kichwa kitarudi Ushirombo, na mnunuzi wa shaba ataleta mizani yake. Nimeumia, lakini nitalala usingizi.

Jumapili, 10 Januari

Nimefika Isaka saa kumi na moja na dakika ishirini. Dereva ni mmoja wa vijana wa dizeli, amefunga breki mapema mno, na mimi nilikuwa nimetoa kichwa dirishani kumkosoa kimoyomoyo. Kwenye makutano ya reli na barabara kulikuwa na lori limesimama linatusubiri tupite, watu wamekaa juu ya magunia. Nililiona. Nikatazama breki.

Mama Tarsisi alikuwa amesimama mlangoni kwangu na ufunguo mkononi. Kabla hajafungua mdomo nilijua.

"Yuko wapi?"

"Ameondoka na Donatus sasa hivi. Hujakutana nao?"

Miaka thelathini na moja nimefundishwa kutazama reli, geji na breki, na siku moja niliyotakiwa kutazama watu, nimetazama breki.

Alinieleza yote, taratibu, na nayaandika kabla sijasahau neno. Alifika jana jioni kwa lori la Donatus, njia ilipofunguka. Amekonda, ana kovu jipya kidevuni, lakini mzima. Alikwenda kaburini kwa mama yake na kung'oa majani. Alilala chumbani kwake. Leo alikula ugali na mlenda, akauliza habari za kichwa, na Mama Tarsisi, ambaye siri hazimkai siku hizi, akamsimulia yote: Bruda, mnunuzi wa shaba, ng'ombe.

"Akasemaje?"

"Alicheka. Akasema, mwambie Baba auze hao wawili. Ng'ombe wa kuolea nitawatafuta mwenyewe. Halafu akasema mtu asiyeyushe kitu kilichotengenezwa vizuri namna ile."

"Hakusema atarudi?"

"Aliuliza mnada mwingine wa Mhunze ni lini."

Nilikwenda kibandani. Kichwa kilikuwa mahali pake, kimefutwa hadi kwenye gia za ndani ambazo mimi kidole changu hakifiki. Jivu limekwanguliwa na kuwekwa kwenye kopo. Kuni zangu zilikuwa zimekwisha, na mahali pake kisanduku kimejazwa nyingine, zimechanwa sawasawa kuliko zangu, zote urefu mmoja. Niliweka kiganja kwenye boila. Ilikuwa bado ya moto. Sindano ya geji ilikuwa haijalala yote, mvuke wa honi moja ulikuwamo.

Mkono ulishafika kwenye honi. Lori lisingekuwa mbali, kwa tope lile. Kisha nikakumbuka honi yangu ilikuwa inamwambia nini miaka yote hiyo, nikauondoa mkono. Sikutaka afikiri namfukuza.

Kesho naondoka na treni ya asubuhi kumfuata mnunuzi wa Maganzo kabla ya Jumanne. Jumatano Donatus atampelekea Bruda fedha zake. Mnada mwingine ni Jumamosi tarehe 23, na nitakwenda, hata kama sina cha kuuza.

Mama Tarsisi ameniletea ndoo. Maji yanapoa, lakini kwanza nimalize kazi.

Ripoti ya safari, 10 Januari 1982. Kituo: Isaka. Mzigo: vigogo vitano. Maji: ya mvua. Moto: uliwashwa vizuri, ulitunzwa, ulizimwa kwa utaratibu. Hitilafu: hakuna.

Mtunza moto: Jilala Clemens.

Dereva: hakuwepo.